Saa Mbili Angani, Siku Nane Njiani

Mara nyingi watu hutuuliza, "Mwalimu, kutoka Kindu hata Kinshasa ni mbali gani?" Swali hili laonekana jepesi. Sisi wenyewe tumelijibu miaka mingi mbele ya ubao, chaki mkononi, tena kwa majivuno kidogo. Leo twapenda kulijibu kwa namna nyingine, maana jibu letu la kwanza lilituletea huzuni nyumbani, nusura litufarakanishe na wazee wetu.

Kwetu ni Obokote, katika wilaya ya Lubutu, upande wa kaskazini wa mkoa wa Maniema. Ni nchi ya Wakumu, nchi ya msitu mkubwa, ambako jua huonekana vizuri barabarani na mashambani tu. Upande wa mashariki na kaskazini umekaa msitu wa Maiko, uliotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1970. Mji mkuu wa mkoa wetu ni Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba. Ukichora mstari ulionyooka juu ya ramani, kutoka Lubutu hata Kindu ni kama kilomita 250. Lakini hakuna mtu apitaye juu ya mstari huo ila ndege wa porini.

Darasani tulikuwa na somo moja ambalo watoto walilipenda mno. Tulitundika ramani ya nchi yetu ukutani, tukawapa uzi. Mtoto mmoja alishika ncha moja ya uzi juu ya Kindu, wa pili ncha nyingine juu ya Kinshasa, wa tatu akaupima. Kisha tukawaeleza: mzunguko wa dunia kwenye Ikweta ni kilomita 40,000 na kidogo. Watu wa elimu wameugawanya katika digrii 360, hivyo kila digrii moja ni kama kilomita 111. Kindu i karibu na digrii ya 26 upande wa mashariki, na Kinshasa i karibu na digrii ya 15. Tofauti yake hasa ni digrii kumi na nusu na ziada kidogo. Zidisha, ongeza kidogo kwa kuwa Kinshasa imeshuka zaidi kuelekea kusini, nawe utapata kama kilomita 1,190.

Baadaye tuliwafundisha kugawanya. Ndege kubwa ya siku hizi yakata kilomita 800 kwa saa moja. Basi, 1,190 gawanya kwa 800: jibu ni saa moja na nusu, kasoro punje. Watoto walipiga makofi. Kinshasa, mji ambao babu zao walikuwa wakiusikia kama nchi ya ng'ambo, kumbe ni karibu kuliko kwenda kwa miguu mpaka soko la Lubutu na kurudi!

Mmoja wa watoto hao alikuwa mwana wa dada yetu, kijana wa miaka kumi na minne, mwepesi wa hesabu kupita wenzake. Somo lile alilishika barabara. Tuliona fahari juu yake.

Mwaka huo tulipelekwa Kinshasa pamoja na walimu wengine kwa mafunzo ya majuma machache. Waliotuita walitulipia nauli ya ndege kwenda na kurudi, kwa njia ya Kindu. Twalisema jambo hili mapema, kwa kuwa wasomaji wanaoijua nchi yetu watauliza: mbona mtu wa Lubutu hakupita Kisangani, ambako barabara ni fupi zaidi? Jibu ni kwamba tiketi tuliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya Kindu, na nauli ya ndege hupita mshahara wa mwalimu wa mwezi mzima. Mwenye tiketi ya Kindu hupita Kindu.

Jumatatu moja, saa tatu ya asubuhi, simu yetu ililia. Alikuwa ndugu yetu, amekwenda mpaka Lubutu kutafuta mahali penye mawasiliano, maana kijijini kwetu simu hazishiki. Alisema maneno machache tu. Baba yetu amefariki alfajiri ile.

Sisi ndio wana wa kwanza wa nyumba. Marehemu alikuwa amesema mara nyingi, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, kwamba fungu la kwanza la udongo juu ya kaburi lake litiwe kwa mkono wetu. Tukamjibu ndugu yetu, "Twaja." Hatukusema siku gani. Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Kule nyumbani wazee walikutana chini ya kibanda, wakaulizana: mwana yuko Kinshasa, atafika lini? Hakuna aliyejua. Ndipo mtoto yule wa dada yetu akasimama kwa adabu, akasema, "Babu zangu, naweza kuwaambia." Akachora mchangani kama tulivyomfundisha: kilomita 1,190, mwendo wa 800, saa moja na nusu. Akaongeza siku moja ya pikipiki kutoka Kindu. "Mjomba atafika kesho kutwa," akasema. Wazee wakafurahi, wakaamua kungoja. Wakakata majani, wakatafuta ubani, wakangoja.

Sasa, wasomaji wapenzi, fuatana nasi siku kwa siku.

Jumanne tulifika kwenye ofisi ya shirika letu la ndege tangu alfajiri. Karani alitusikiliza kwa huruma, akafungua daftari lake, akatuambia ya kuwa ndege ya Kindu hairuki kila siku, na ya karibu ni ya Alhamisi. Jumatano tulingoja. Alhamisi tulikwenda kiwanja cha N'djili kabla ya jua kuchomoza. Tukapimwa mizigo, tukaketi. Saa sita, saa nane, saa kumi. Jioni tukaambiwa ndege haiendi, turudi kesho. Hatukuelezwa sababu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilala pale pale sakafuni, kwa kuwa hakuwa na mtu mjini.

Ijumaa, saa nne kamili za asubuhi, tuliruka.

Tusiseme uongo: ndege ni ajabu. Mara tu mji ulibaki nyuma, na mto mkubwa ukawa kama ukanda wa hariri juani. Baadaye ikawa misitu tu, kijani kibichi pasipo mwisho, na huku na huku kijito chenye rangi ya chai. Tulikuwa na majonzi, lakini macho hayakukataa kutazama. Tukawakumbuka wote waliopita chini yetu zamani.

Tulimkumbuka Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 pamoja na watu mamia wa Unguja na pwani. Tarehe 5 Novemba 1876 alitoka Nyangwe, kusini ya Kindu, akisindikizwa na Hamed bin Muhammed, yule ambaye watu wote humwita Tippu Tip. Walipita katika msitu huu huu, kisha wakaachana. Stanley akaufuata mto mpaka Boma, karibu na bahari ya magharibi, akafika tarehe 9 Agosti 1877. Miezi tisa. Wengi wa watu wake walikufa njiani, kwa maji, kwa mishale, kwa njaa na kwa ndui.

Tulikumbuka pia misafara ya pembe iliyotoka Maniema kwenda Unguja. Ukipima kwa uzi, kutoka Kindu hata Unguja ni kama kilomita 1,500, si mbali sana kupita Kinshasa. Lakini umbali ule ulipimwa kwa mabega ya wapagazi, na kwa shingo za watu waliofungwa minyororo. Njia hiyo ilituachia lugha hii ya Kiswahili tunayoiandika, ikatuachia na mchele katika mashamba yetu; ikachukua watu ambao hawakurudi. Mtu asemaye kwamba zamani njia zilikuwa wazi, aulize kwanza zilikuwa wazi kwa nani.

Baada ya hao walikuja wenye reli na meli. Mto wetu una maporomoko saba kati ya Ubundu na Kisangani, hivyo meli haiwezi kupita moja kwa moja. Wabelgiji wakajenga reli ya kilomita 125 ya kuzunguka maporomoko, iliyofunguliwa mwaka 1906. Ndipo msafiri wa Kindu akaweza kwenda Kinshasa hivi: meli mpaka Ubundu, kama kilomita 310, gari la moshi mpaka Kisangani, kilomita 125, kisha meli tena mpaka Kinshasa, kama kilomita 1,730. Jumlisha, utapata kilomita 2,165 na zaidi, karibu mara mbili ya uzi wetu. Sababu ni kwamba mto hauendi kwa uzi. Wapanda kwanza kaskazini, wavuka Ikweta, wapinda kama upinde, kisha wavuka Ikweta mara ya pili ukishuka kwenda Kinshasa.

Hata ndege za kwanza zilimfuata bwana huyo mto. Kati ya mwaka 1920 na 1922 ndege ndogo za kutua majini zilipeleka barua na abiria wachache kati ya Kinshasa na Kisangani, zikiambaa juu ya mto ili zikiharibika zipate mahali pa kuangukia. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry alitoka Brussels tarehe 12 Februari, akafika Kinshasa tarehe 3 Aprili. Siku 51! Lakini hesabu ya saa alizokuwa hewani hasa haikupita sana 75. Siku nyingine zote alikuwa chini, akingoja vyuma, akingoja hali njema ya hewa, akitengeneza kilichovunjika. Tuliposoma habari hiyo seminarini tulicheka. Ijumaa ile, angani, hatukucheka. Tulimwelewa.

Tulitua Kindu baada ya saa moja na dakika hamsini. Tulipotazama saa ya ukutani tukastuka: yaonyesha saa saba kasoro dakika kumi, kana kwamba tumeruka karibu saa tatu. Si kosa la saa. Kinshasa hufuata saa ya magharibi, na Maniema hufuata saa ya mashariki, iliyotangulia kwa saa moja. Aendaye Kinshasa huzawadiwa saa moja. Arudiye kwao huirudisha. Hata jambo hili hatukuwa tumelifundisha darasani.

Kiwanja cha Kindu kina kumbukumbu yake chungu. Mnamo Novemba 1961 ndege mbili za mizigo zilitua hapo, zikiwaletea vyakula askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Malaya. Wanaanga kumi na watatu wa Italia waliokuja nazo walikamatwa na askari waasi, wakauawa. Hawakuwa wamekuja kupigana. Mpaka leo pana ukumbusho wao karibu na kiwanja kikuu cha ndege cha Roma. Kila tupitapo pale Kindu twawakumbuka: safari yao nayo ilikuwa fupi angani.

Jioni ile tulilala mjini, tukala wali na sombe kwa rafiki mmoja. Yeye ndiye aliyetuambia kwa upole yale tuliyokuwa tukiyaogopa. Habari zilikuwa zimemfikia kutoka Lubutu: baba amezikwa Jumatano jioni. Wazee walingoja mpaka siku ile ya tatu, kama mtoto alivyosema. Joto halikungoja.

Tungaliweza kukaa Kindu na kupumzika, kwa kuwa lililokuwa likituharakisha limekwisha kupita. Lakini mtoto wa nyumba hufika hata kama amechelewa.

Jumamosi alfajiri tulivuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka ng'ambo ya Alunguli. Tukapata kijana mwenye pikipiki, tukaelewana bei, tukafunga mzigo. Wasomaji ambao hamjafika kwetu, itazameni ramani: kati ya Kindu na Lubutu imelala mito mitatu mikubwa inayoingia Lualaba kutoka mashariki: Elila, Ulindi na Lowa. Mto mkubwa ni siku. Hufika ukingoni, huita. Mvushaji akiwa ng'ambo, hungoja. Pikipiki hulazwa ndani ya mtumbwi kama mbuzi mgonjwa, na mwenyewe huishika isizame. Katikati ya mito ni matope, madaraja ya miti iliyooza, vilima vya udongo mwekundu ambavyo mvua imevichonga mifereji. Mara nyingi tulishuka tukasukuma. Tulikutana na wachuuzi wa baiskeli, wamepakia mafuta ya mawese, chumvi na nguo, wanasukuma siku nyingi pasipo kupanda hata mara moja. Hao hawaulizi mwendo wa saa. Huuliza tu, "Mto umejaa?"

Jumamosi tulilala baada ya Elila. Jumapili tulivuka Ulindi, tukaingia Punia usiku, mji uliopata kuwa na sifa kwa madini yake ya bati. Jumatatu tulivuka Lowa. Saa tatu ya usiku tukaona moto wa nyumbani.

Mama alitupokea, tukalia pamoja. Lakini wazee hawakusimama. Baba mdogo, aliyekuwa sasa mkubwa wa nyumba, alitunyoshea kiti, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema:

"Mwanangu, mtoto alituambia saa moja na nusu. Sisi tulingoja siku tatu. Wewe umekuja siku ya nane. Kaka yangu amezikwa bila mkono wako. Tueleze, huko Kinshasa ulikuwa na kazi gani kubwa kuliko hii?"

Tulitazama huku na huku tukimtafuta mwana wa dada yetu. Hakuwako. Dada akatuambia kwa sauti ya chini ya kuwa kijana huyo hali vizuri, wala hakanyagi shuleni tangu Alhamisi. Kijijini watu walikuwa wamemwita mwongo. Baadhi walisema kwamba alimpa babu yake aibu mbele ya wageni, maiti kungojeshwa bure. Wengine walisema kwamba shule yenyewe yafundisha uongo.

Tukaona, kumbe mambo mawili yamo hatarini usiku ule: heshima yetu mbele ya wazee, na moyo wa mtoto aliyeshika somo letu barabara. La pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tukaomba kijana aitwe. Alipokuja alisimama gizani, macho chini.

Tukasema, "Baba, mtoto huyu hakusema uongo. Hesabu yake ni sahihi; hata mwalimu wa Ulaya angalipata jibu hilo hilo. Aliyekosa ni sisi. Sisi tulimfundisha njia ya ndege, hatukumfundisha njia ya mtu."

Kisha tukawahesabia wazee siku zote, moja moja, kama tulivyowahesabia ninyi. Siku tatu za kungoja ndege. Siku moja ya kuketi kiwanjani. Siku ya tano, dakika mia na kumi za kuruka, na jioni moja ya Kindu. Siku tatu za pikipiki na mito minne. Tukatoa na tiketi yenyewe, imeandikwa tarehe. Baba mdogo hajui kusoma, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama karibu na moto.

Mwisho akauliza, "Katika siku nane hizi, ile saa moja na nusu ya mtoto i wapi?"

"Imo ndani, Baba, siku ya Ijumaa. Ndiyo sehemu iliyokuwa nyepesi kuliko zote."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza. Akamwita kijana akae karibu naye. Akasema, "Basi mtoto alijua kitu kimoja, na sisi tukakifanya kuwa vyote. Kesho uende shule." Kulipokucha alitupeleka kaburini. Walikuwa wameacha pembeni kichungu kidogo cha udongo, hawakukisema usiku. Tukakitia juu ya kaburi kwa mkono wetu.

Baada ya kilio kwisha tulirudi mbele ya ubao. Ramani ikatundikwa, uzi ukaletwa, na watoto wakapima kama zamani: kilomita 1,190. Hatukulifuta somo lile. Ni la kweli, na elimu ya kweli haifutwi kwa sababu imetuumiza. Lakini chini yake tuliandika safu nyingine. Tulifanya hesabu hii pamoja: tangu simu ilipolia Jumatatu saa tatu ya asubuhi, hata tulipoona moto wa nyumbani Jumatatu ya pili saa tatu ya usiku, ni saa 179. Kutoka Kinshasa hata Lubutu kwa uzi ni kama kilomita 1,300. Gawanya: kilomita saba na kidogo kwa saa. Angani tulikwenda kilomita 650 kwa saa. Kwa safari yote tulikwenda kama mtu akimbiaye polepole. Watoto hawakupiga makofi. Walikaa kimya, wakanakili.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki haya ili kuidharau ndege. Nchi yetu ni pana, na bila ndege wagonjwa wengi na barua nyingi zisingalifika. Hata kwetu, mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzo wa 1997, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipopiga kambi Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, ndege za misaada zilitua juu ya barabara kuu yenyewe, kwa kuwa njia ya nchi kavu isingaliwahi. Tulijua hapo thamani ya saa mbili. Tena tulijua mwezi wa Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa na kiwanja chake kikafungwa, jinsi mji ulio umbali wa kilomita 400 tu kutoka Kindu uwezavyo kuwa mbali kwa siku moja, pasipo ardhi kusogea hata hatua.

Twaandika ili jamaa wasigombane bure. Siku hizi karibu kila nyumba ina mtoto aliye mbali: Kisangani, Kinshasa, Lubumbashi, hata Ulaya. Simu hufika mara moja, na sauti yake huonekana kama mtu yuko nyuma ya mlango. Mauti ikitokea, wa nyumbani husema, "Mbona haji, na ndege ni saa mbili?" Naye aliye mbali huona haya kusema kwamba hana nauli, au kwamba ndege ni ya juma lijalo, akanyamaza. Kimya hicho ndicho kinachozaa lawama.

Basi, twashauri mambo matatu. Kwanza, mtu akiulizwa atafika lini, ajibu kwa siku, asijibu kwa saa. Tena ahesabu kutoka mlango mpaka mlango. Pili, kama hajui, aseme wazi, "Msiningoje." Neno hilo ni chungu kulitamka, lakini lawaweka huru wazee na marehemu pia. Laiti tungalilisema sisi Jumatatu ile! Tatu, wa nyumbani wasimhukumu mtoto kabla ya kumwuliza mito mingapi amevuka.

Juzi mkaguzi alitutembelea darasani. Kwa kutaka kuwajaribu watoto aliuliza lile swali la zamani: kutoka Kindu hata Kinshasa ni mbali gani? Mwana wa dada yetu akainua mkono, akasimama.

"Kwa uzi, Bwana Mkaguzi, ni kilomita 1,190, na ndege huruka kama saa mbili," akasema. "Lakini kabla ya kukujibu zaidi, nieleze kwanza: msafiri anatoka kijiji gani, ndege ni ya siku gani, na mito imejaa?"

Mkaguzi alitutazama. Sisi tukatazama ubao.